Shangazi, volti zangu hazijumlishiki

Shikamoo Shangazi,

Najua wengi wanaokuandikia wanaleta mambo ya ndoa na mawifi, lakini uliwahi kusema humu kwamba kabla ya kuanza kutushauri ulikuwa fundi umeme Moshi kwa miaka mingi. Ndiyo maana nimepata ujasiri.

Nina miaka 23, nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa pili, hapa hapa Arusha. Nimepanga chumba Sakina na mwenzangu mmoja. Sikupita kidato cha sita. Nilitoka kidato cha nne nikaenda diploma, nikafunga nyaya majumbani miaka miwili, ndipo nikaomba digrii. Nyaya nazijua, mota nazijua. Shida ni hesabu.

Muhula uliopita tulianza namba changamano. Mwalimu aliingia, akaandika ubaoni j² = −1, akasema, "Hii mliisoma fomu sikisi," akaendelea. Waliotoka PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, wakatikisa vichwa. Mimi nilibaki kwenye mstari ule wa kwanza na mpaka leo sijaondoka. Tangu sekondari tumeambiwa namba hasi haina kipeuo cha pili. Leo inacho. Kesho watasema nini?

Kisha yakaja mengine: masharti ya Cauchy na Riemann, kuintigreti kwa kuzunguka duara, poli, residyu. Nilikariri. Mwenzangu wa chumbani ana msemo wake, "Hesabu haieleweki, inadeswa." Ana rundo la pasti pepa chini ya godoro, na yeye kapata B. Mimi nimekula sapu. Mtihani wa marudio ni baada ya wiki sita.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi kuliko hiyo sapu. Maabara tulifunga rezista na koili kwa mfululizo kwenye umeme wa volti 230. Nikapima kwenye rezista: 138. Kwenye koili: 184. Nikajumlisha, 322. Nikarudia mara tatu, nikabadilisha mita, bado 322. Msimamizi akasema, "Hiyo ni kwa sababu ya j," akaenda meza nyingine. Shangazi, hizo volti 92 za ziada zimetoka wapi? Kama j ni namba ya kufikirika, inawezaje kuongeza volti ninazoziona kwa macho?

Ada ananilipia kaka yangu, anauza mitumba Kilombero. Sijamwambia kuhusu sapu. Nafikiria kuhamia kozi ya biashara kabla sijadisko. Mjomba ndiye pekee anayejua, naye amecheka tu: "Namba za kufikirika, ada za kweli."

Niambie ukweli, mambo haya ni ya watu wenye vichwa maalumu? Na swali dogo, usinicheke: kwa nini walimu wa hesabu wanaandika i na wa umeme wanaandika j? Ni kitu kimoja au viwili?

Mwenye Sapu, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Umeniokoa, maana wiki hii nina barua nne za mawifi na zote zinafanana. Mjomba mpe salamu, mwambie huo msemo wake nimeuchukua.

Tuanze na maabara, kwa sababu jibu ulikuwa nalo mkononi ukaliharibu kwa kujumlisha. Chukua karatasi ya grafu. Chora mstari wa 138 kwenda kulia. Kutoka kwenye ncha yake chora mwingine wa 184 kwenda juu, wima kabisa. Sasa unganisha ulipoanzia na ulipoishia, upime. Au ukokotoe: 138 mara 138 ni 19,044, 184 mara 184 ni 33,856, jumla 52,900. Tafuta kipeuo chake cha pili. Umekiona? Ni 230 kamili.

Hakuna volti iliyoongezeka. Ukitoka Mnara wa Saa ukapiga hatua 138 kwenda mashariki, kisha 184 kaskazini, miguu imetembea hatua 322 lakini uko hatua 230 kutoka mnarani. Mita yako ilisema kweli mara zote tatu, ila mita ile husoma urefu tu, haikwambii upande.

Upande umetoka wapi? Umeme wa ukutani hupanda na kushuka, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwenye rezista, volti na mkondo hupanda pamoja na kushuka pamoja. Koili ni mbishi, inapinga mkondo unapobadilika. Kwa hiyo volti yake huwa kubwa kabisa pale mkondo unapobadilika kwa kasi kubwa, na hapo ni wakati mkondo wenyewe unapita sifuri. Volti ya koili inafika kileleni robo mzunguko kabla ya ile ya rezista. Vilele viwili visivyokutana huwezi kuvijumlisha kama maembe. Robo mzunguko ni digrii 90, ndiyo maana nimekuambia uchore wima.

Sasa hiyo j. Ulikimbia mchakamchaka shuleni, si ndiyo? Basi unamkumbuka kiranja wa gwaride. "Nyuma, geuka!" Ukiwa umetazama mbele unatazama nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya −1: namba iliyotazama kulia inatazama kushoto. Kisha kuna "Kushoto, geuka!" Hiyo ni j. Amri ya kushoto geuka ikitolewa mara mbili, unatazama wapi? Nyuma. j mara j ni −1. Mstari ule uliokukwamisha muhula mzima ni gwaride la shule ya msingi.

Na mwalimu wako wa sekondari hakukudanganya. Kwenye mstari mmoja wa namba kweli hakuna kipeuo cha pili cha −1, kwa sababu juu ya mstari huwezi kugeuka kushoto, utaanguka. Digrii imekutoa kwenye mstari imekuweka uwanjani, basi. Jina "za kufikirika" lilitoka kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1637, na hakulitoa kwa mapenzi. Mimi ningeziita namba za pembeni, lakini nani ananisikiliza.

Tuseme rezista yako ilikuwa ya omu 30. Volti 138 gawa kwa 30, mkondo ni ampea 4.6. Koili basi ni omu 40, na sakiti nzima inaandikwa 30 + j40, yaani omu 30 mbele na 40 kushoto. Urefu wake ni 50, na 230 gawa kwa 50 inakurudishia 4.6 zako. Umeona j ikifanya muujiza wowote hapo? Inatunza kumbukumbu ya nani yuko upande gani ili usizijumlishe kiholela.

Nikupe kisa changu, maana na mimi niliwahi kubadilisha mita. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, nikaajiriwa kwenye karakana ya kusuka mota Moshi. Tulikwenda Kiboriloni kwenye mashine ya kusaga, nyaya zinachemka. Mzee tuliyekuwa naye, darasa la saba, akanipa klampu mita nisome mkondo. Nikasoma. Akafunga kapasita sambamba na mota, akasema soma tena. Ampea zimeshuka! Nikasema, "Mzee, mita imekufa." Walicheka mpaka mwenye mashine akatoka nje kuangalia. Kichwani mwangu ukiongeza kitu kwenye laini, ampea zinaongezeka. Mzee akaniambia, "Binti, kuna umeme wa kazi na umeme wa kusindikiza. Wa kazi unasaga. Wa kusindikiza unafika kwenye koili, unarudi ulikotoka, unakwenda tena, unarudi, hausagi hata punje. Lakini njiani unajaza waya."

Hakuwahi kuandika j maishani mwake. Tufanye hesabu yake kwa namba zako. Ampea zako 4.6 ukizigawa ni 2.76 za kazi na 3.68 za kusindikiza: kwa lugha ya darasani, 2.76 − j3.68. Hasi kwa sababu mkondo wa koili uko nyuma ya volti. Sasa funga kapasita ya mikrofaradi 51 hivi sambamba na sakiti yote. Mkondo wake unatangulia volti, j3.68. Jumlisha: za kusindikiza zinafutana, zinabaki 2.76. Umeongeza kifaa chenye ampea 3.68 na waya wa kutoka ukutani umepungukiwa kutoka 4.6 hadi 2.76, na kazi inayofanyika ni ile ile, wati 635. Koili na kapasita wanasindikizana wao kwa wao hapo hapo, hawamsumbui mwenye nguzo. Sehemu ile wanayoiita ya kufikirika ndiyo iliyokuwa inachemsha nyaya za Kiboriloni.

Kuhusu vichwa maalumu: angalia waliozipigania namba hizi. Rafael Bombelli wa Italia alikuwa mhandisi wa kukausha mabwawa. Kitabu chake cha 1572 kina mlinganyo x³ = 15x + 4. Jibu ni 4, hata wewe unaliona: 64 ni 60 na 4. Lakini kanuni ya wakati ule ilimpitisha kwenye kipeuo cha pili cha −121 kabla ya kumfikisha kwenye hiyo 4. Wengine walikimbia, yeye akapita na akafika. Caspar Wessel, wa kwanza kuzichora uwanjani kama nilivyokuchorea, alikuwa mpima ardhi. Aliwasilisha kazi yake Copenhagen mwaka 1797, ikachapwa 1799 kwa Kidenishi, ikakaa karibu miaka 100 bila kusomwa na waliohitaji. Na aliyezileta kwenye umeme wetu huu wa kupanda na kushuka ni Charles Steinmetz, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Ulaya. Alizieleza mbele ya wenzake Chicago mwaka 1893. Bwawa, ardhi, umeme. Hizi ni namba za mafundi tangu zamani, na wewe umefunga nyaya miaka miwili kabla ya hao wa PCM kushika bisibisi.

Haya, upande mgumu, Cauchy na wenzake. Sitakufundisha kozi nzima, ila nitakuonyesha kwamba kiranja wa gwaride bado yupo. Kwenye mstari wa namba, nukta unaifikia kwa njia mbili tu, kulia au kushoto. Uwanjani njia hazihesabiki. Ili fomula iwe na mteremko mmoja, lazima mteremko uwe ule ule kutoka kila upande. Mshale mdogo unaokwenda kulia, fomula yako itaunyoosha na kuugeuza kwa kiasi fulani. Mshale unaokwenda juu ni ule ule uliopigiwa kushoto geuka, kwa hiyo tokeo lake nalo lazima liwe tokeo la kwanza lililopigiwa kushoto geuka. Ukiiandika sentensi hiyo kwa u na v (sehemu ya kulia na sehemu ya juu ya tokeo), unapata masharti yale mawili uliyoyakariri pamoja na ile alama ya kutoa ambayo naamini huwa unaisahau upande upi. Jaribu kwa z², z ikiwa x + jy, ambapo u ni x² − y² na v ni 2xy, uone yanakubali. Kisha jaribu kwa x − jy. Yanakataa, kwa sababu hicho ni kioo, na hata ugeuke mara ngapi, mkono wa kulia hautakuwa wa kushoto.

Kuzunguka duara je? Funga kamba kwenye Mnara wa Saa, shika ncha ya pili, zunguka kiplefti kinyume cha saa mpaka uliposimama mwanzo. (Usiku, tafadhali, mchana bodaboda watakumaliza.) Umerudi pale pale, lakini kamba imejisokota mara moja mnarani. Sasa fanya hivyo hivyo kuzunguka uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kamba ikiwa bado mnarani. Ukirudi, kamba haijajisokota hata kidogo. Poli, yaani nukta ambapo fomula inagawa kwa sifuri, ni mnara. Kuintigreti 1/z kwa kuzunguka sifuri kunakupa 2πj, na ukizunguka eneo lisilo na poli unapata sifuri, hata njia ipinde vipi. Residyu ni kipimo cha nguvu ya kila mnara uliouzungushia kamba.

Chukua 1/(1 + x²) kutoka hasi hadi chanya isiyo na mwisho. Ifanye kwa njia ya zamani ya arktanjenti, upate π. Kisha ifanye kwa residyu: mnara mmoja juu ya mstari, kwenye j, nguvu yake ni 1 gawa kwa 2j, zidisha kwa 2πj. Inatoka π. Fanya hivi kwanza, swali ambalo jibu lake tayari unalijua, ndipo uiamini mbinu kwenye yale usiyoyajua. Mwenzako wa chumbani hajawahi kufanya hivyo, nakuhakikishia.

Poli utakutana nazo tena kwenye kozi za kudhibiti mitambo, kwa hiyo kuzikimbia sasa ni kuahirisha. Unapanda Hiace ya kutoka Sakina kwenda mjini? Ikiruka tuta, ikadunda mara mbili tatu ikatulia, shokapu ni nzima. Mlinganyo wake unaweza kuwa kama s² + 2s + 26 = 0, na majibu yake ni −1 ± 5j. Hiyo −1 ndiyo shokapu, inaua mdundo. Ile 5 ni kasi ya kudunda. Shokapu ikifa, mlinganyo unabaki s² + 26 = 0, majibu karibu ±5.1j, na abiria mnadunda mpaka Kilombero. Sekondari uliandika "hauna jibu" kwenye mlinganyo kama huo na ukapewa tiki.

Sasa wiki zako sita. Mbili za kwanza usiguse pasti pepa. Zidisha na gawanya namba changamano kwa mkono na uchore kila moja: 3 + 4j mara 1 + 2j ni −5 + 10j, pima uone urefu umezidishwa na pembe zimejumlishwa. Kalkuleta yako ya Casio huenda ina sehemu ya namba hizi. Itumie kusahihisha, isikufanyie. Ukielewa hilo, e yenye kipeo cha jθ haitakutisha, na zile fomula ndefu za sini na kosini unaweza kuzitupa, utazitengeneza unapozihitaji. Ukipata koili ya feni bovu, rezista na transfoma ya kushusha hadi volti 12, rudia kipimo chako chumbani. Kwa volti 12, tafadhali, si ya ukutani. Hesabu haitatoka safi kama ya maabara, kwa sababu koili ya feni ina ukinzani wake yenyewe. Tafuta ni kiasi gani. Ukifika hapo unajua zaidi ya sapu inavyohitaji.

Wiki tatu zinazofuata ni za Cauchy na residyu, swali moja kwa njia mbili kila unapoweza. Yule mwalimu mfuate ofisini na swali lililoandikwa, usiende na "sijaelewa chochote". Wiki ya mwisho azima lile rundo la chini ya godoro. Pasti pepa si haramu, ni nzuri kwa kujua saa inavyokimbia.

Kuhama kozi, nakukatalia kwa sasa. Anayekosa usingizi kwa sababu ya volti 92 hana kazi kwenye kozi ya biashara. Ukishafanya sapu na bado ukatamani kuhama, niandikie tena tuongee vizuri.

Kaka yako mwambie wiki hii, kabla mjomba hajamwambia kwa mzaha. Nenda Kilombero jioni akishafunga biashara, usimwambie mbele ya wateja, na ubebe hiyo karatasi ya grafu. Mwonyeshe ulipokosea na unavyorekebisha. Mtu anayekadiria bei ya robota kabla hata halijafunguliwa ataelewa kwamba mzigo mmoja mbaya haufungi duka.

Swali lako dogo halichekeshi. Ni kitu kimoja. Mwanahisabati Euler alianza kuandika i kwa namba hii katika karne ya 18, lakini kwenye umeme i ilishachukuliwa na mkondo, kwa hiyo tukasogea herufi moja mbele. Kalkuleta itakuandikia i. Isome j, usigombane nayo.

Shangazi